Mlango Mmoja wa Makoti

Ipo siku moja naikumbuka kwa aibu, mwanangu. Weka simu chini kwanza. Hiyo picha yako na yule mama wa Kikongo uliyempelekea blanketi, usiitume. Nisikilize, halafu unijibu kwa hicho Kiingereza chako.

Nilikuwa kijana, katibu wa umoja wetu Watanzania wa hapa Maryland, na maneno mengi, we acha tu. Baridi ilikuwa imeanza. Mwajuma, dada mmoja wa Tanga, ndiyo kwanza alikuwa amefika Temple Hills na wanawe wawili, hawana hata koti la maana. Tukachangishana makoti. Mpaka hapo hatukukosea. Kosa ni langu: nikaandaa makabidhiano! Nikamwita mbele ya ukumbi mzima, nikamvisha koti kwa mikono yangu, vigelegele vikapigwa, nikapiga naye picha.

Tangu siku hiyo Mwajuma hakuonekana. Msibani hayupo, Idi hayupo, simu hapokei. Nikasema, loo, watu hawana shukrani!

Wakati huo nilikuwa namhudumia mzee mmoja wa Kiyahudi, nyumbani kwake Arlington. Namwogesha, namlisha, tunapiga soga. Nikamwonyesha ile picha kwa majivuno. Akavaa miwani, akaitazama weee, kisha akaniuliza, "Mbona wewe unacheka, na huyu mama anaangalia viatu vyake?"

Ndipo akanisimulia habari za babu wa babu yake. Alianza maisha nchi hii ya Marekani na mtumba wa vitambaa mgongoni, akiuza nyumba kwa nyumba. Baridi ya kwanza, tajiri mmoja akampa koti mbele ya watu. Kila akienda sinagogi kusali, macho ya yule tajiri yako juu ya lile koti, mpaka akaona heri alivue atetemeke. Baadaye Mungu akamfungulia, akapata duka kubwa, kisha benki. Nyuma ya duka akatenga chumba cha nguo chenye mlango mmoja. Anayeleta anapita hapo, anayechukua anapita hapo hapo, na wote wana mifuko. Mtu wa barabarani hajui nani kaleta, nani kachukua. Hata yeye mwenyewe alipita na mfuko wake kama wengine.

"Alijenga shule na hospitali," mzee akaniambia, "ila sisi wajukuu tunajivunia ule mlango."

Nililia kwenye basi siku ile, mtu mzima na ndevu zangu. Nikaenda moja kwa moja kwa Mwajuma. Akafungua mlango kidogo tu.

"Dada, nimekudhalilisha. Nisamehe."

"Kaka, wanangu wanaitwa watoto wa makoti," akasema. "Na wanaowaita hivyo ni watoto wetu wenyewe."

Nikaichana ile picha mbele yake. Akanitazama, akanikaribisha chai. Nilipomweleza habari za yule mfanyabiashara, akasema chumba kama hicho angekisimamia yeye. Na kweli, tulikitenga nyuma ya ukumbi, akakisimamia miaka mingi.

Sasa sikiliza hili, sijawahi kukwambia. Ulipozaliwa nilikuwa nimeumia mgongo, kazi hakuna, na wewe huna nguo ya baridi. Nikachukua mfuko, nikaujaza magazeti machache niliyoyakunjakunja ili uonekane umejaa, nikaenda. Nje wamesimama watu kibao, wale wale niliokuwa nawahutubia. Mwajuma akaupokea ule mfuko. Akausikia wepesi wake, akajua. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Ahsante kwa kuleta, kaka!"

Ndani akayatoa magazeti, akanijazia nguo za mtoto. Hakuniuliza kitu. Lile koti jekundu ulilovaa kwenye picha zako za utotoni, unalolipenda, lilitoka mle.

Basi mwanangu, ukimpa mtu kitu, usimchukulie uso wake. Mpe aende nacho, akikutana nawe kesho akusalimie bila kuinama. Hiyo picha ifute.

Mungu akujalie mkono wa kutoa mpaka uzeeni. Na siku ukihitaji wewe, maana siku hiyo huja, akukutanishe na Mwajuma mlangoni.