Senta Asiyeita Jina

Mama Selpher alikuwa ameomba kiazi kimoja tu cha kuongezea kwenye sufuria. Kiazi kikaja kikiruka. Kilipita juu ya meza, kikapita juu ya kichwa cha Nashon aliyekuwa ameinama akifunga kamba za viatu, kikatumbukia sufuriani na kumrushia mama wa watu matone ya moto mkononi.

"Selpher!"

"Naam, mama."

"Nimesema leta, au nimesema rusha?"

"Si kimefika, mama?"

Kufika kilikuwa kimefika, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi. Laiti kingeanguka chini, angepata la kusema. Lakini vitu alivyorusha Selpher havikuanguka. Sabuni, soksi za babake zilizoviringwa, siku moja hata kabichi nzima, vyote vilifika vilikotumwa, na aliyepaswa kukasirika alibaki amevishika mkononi, mdomo wazi.

"Hii mtoto yako itanitoa jicho," Mama Selpher alimwambia mumewe.

"Ikikosea ni yangu," Nashon akajibu akiinuka. "Ikipita mtihani ni yako."

Waliishi Westlands, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya Mzungu ambaye Nashon Were alimpikia. Wote wawili walikuwa watu wa magharibi, upande wa Kimilili, na Nairobi iliwapokea wakiwa vijana. Mama Selpher alifua nguo kwa Mhindi mmoja wa Ngara. Selpher Nakhumicha, mzaliwa wao wa kwanza, alikuwa amepata nafasi katika sekondari ya wasichana ya misheni, kule mbele ya Kangemi, nafasi ambayo wasichana wengi wa mwaka ule wa 1958 waliisikia tu ikitajwa. Alilala huko huko shuleni, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Na alipokuja alileta njaa, nguo chafu na habari za netiboli.

Netiboli! Mama Selpher alikuwa akiuita mpira wa kikapu tu, maana aliona kikapu kisicho na chini kikining'inia juu ya mti. Lakini alifundishwa, apende asipende. Aliambiwa kwamba mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao wala kukaa nao, lazima autoe upesi. Aliambiwa kwamba anayeruhusiwa kufunga ni mfungaji aliyesimama kule mbele. Na katikati ya wote yuko senta, ambaye kazi yake ni kuona mwenzake atakuwa wapi kabla mwenyewe hajajua, amwite, ampelekee mpira pale anapofika. Senta wa shule alikuwa Selpher.

"Sasa mama, nikaupata, nikamwita Wanjira, Wanjira akanirudishia, halafu yule wetu mrefu..."

"Meza kwanza ugali."

"...yule wetu mrefu alikuwa amegeuka huku, mama, na mimi niko hapa..."

"Selpher, mwanangu, Mungu alikupa mate ya kumezea. Meza!"

Hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Alisema akila, alisema akifua, alisema hata akiwa amebeba ndoo kichwani. Na macho yake hayakutulia pia. Siku za likizo alimsindikiza mama yake Ngara na furushi la nguo, na katikati ya mikokoteni, wachuuzi na mapipa ya mafuta, Selpher alimvuta mama yake kwenda mahali palipojaa watu. "Pitia hapa." Mama Selpher alikuwa hajamaliza kusema hapapitiki, pakapitika. Watu walikuwa wamesogea. Kila mara ilikuwa hivyo, na kila mara alikasirika upya, kwa sababu hakuna mzazi anayependa kuvutwa na mtoto halafu mtoto awe ndiye aliyeona sawa.

Jambo moja tu Selpher hakubishana nalo, na lilikuwa la kwao. Mtoto hatamki jina la mama yake, wala la baba yake. Mama Selpher aliwafundisha wanawe hivyo tangu walipoanza kuongea, kama alivyofundishwa yeye, na kwa hilo hakuwa na mchezo. Walipokwenda hospitali Selpher akiwa mdogo, karani alimuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Akajibu, "Mama." "Mama nani?" "Mama Selpher." "Na Selpher ni nani?" "Ni mimi." Karani alitupa kalamu mezani. Mama Selpher akiwa pembeni alitabasamu, akamtajia jina mwenyewe. Jina hilo la ubatizo lilikuwa limekaa kimya miaka mingi. Kwa majirani alikuwa Mama Selpher, kwa Mhindi alikuwa Mama, kanisani alikuwa Dada.

Basi siku ya wazazi kutembelea shule, alimkuta mwalimu wa michezo, Mwalimu Wamucii, akimngoja langoni. Alikuwa binti mdogo tu, mwenye filimbi shingoni, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Bwana asifiwe, Mama Selpher."

"Asifiwe, mwalimu."

"Msichana wako amenishinda."

"Amerusha nini?"

"Kurusha hana shida. Macho anayo, mikono anayo. Sijaona msichana anayeuona uwanja mzima kama yeye, na alipokuja hapa hakujua hata kushika mpira. Shida ni kwamba ni bubu."

Mama Selpher alidhani hakusikia. "Nani bubu?"

"Selpher."

"Selpher huyu wangu?" Akaanza kucheka, akaona mwalimu hacheki, akaacha. "Mwalimu, huyo anaongea hata akiwa amelala."

"Na hapa anaongea, mpaka kengele ipigwe mara mbili. Uwanjani anamwita Wanjira, anamwita Syokimau, anawaita wote. Lakini mpira ukifika mbele, pale pa kumpa mfungaji, kinywa kinafungwa. Yule mfungaji amempa mgongo, anazuiwa na mtu, hajui mpira unatoka upande gani. Unampiga begani, unatoka nje. Nimemkemea. Nimemkimbiza kuzunguka uwanja. Nimemwomba kwa upole kama mtoto wa mamangu. Anatazama viatu."

"Labda wamegombana."

"Wanalala kitanda na kitanda! Bwenini anamwita kwa jina la kwao siku nzima. Lakini uwanjani Mama Mkuu hataki aliyebatizwa aitwe jina la nyumbani, anataka la ubatizo tu; Wanjira na Syokimau wao bado hawajabatizwa. Ukiita la nyumbani unatolewa nje."

"Hapo amefanya vizuri," Mama Selpher akasema, maana aliupenda ubatizo.

Mwalimu Wamucii akashusha pumzi. "Mama, Jumamosi tunacheza mjini, uwanja ule wa karibu na Ngara. Chuo cha ualimu kinatafuta msichana wa kusomea kufundisha michezo, na nilitaka kumtaja Selpher. Lakini akinyamaza tena, Syokimau atakuwa senta, na sitambadilisha. Nitamtajaje mwalimu asiyetoa sauti?"

Mwalimu! Neno hilo lilimwingia Mama Selpher mpaka kwenye mifupa. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuitwa hivyo. Akamtafuta Selpher, akamkalisha kwenye nyasi.

"Kwa nini humwiti yule mfungaji?"

Selpher akatazama viatu.

"Alikutukana?"

"Hapana, mama."

"Unamwonea wivu?"

"Hapana, mama! Ni rafiki yangu."

"Basi ni nini? Sema. Siku zote nakuomba unyamaze hunyamazi, leo nakuomba useme unatazama viatu. Hivyo viatu vina nini?"

Selpher alifungua mdomo, akamtazama mama yake, akaufunga. Machozi yakamjaa. "Siwezi kusema, mama."

Mama Selpher alirudi Westlands kwa miguu, akiomba njia nzima kwa sauti ya kunung'unika. "Bwana, wewe ulifungua vinywa vya mabubu. Hiki ulikifungua mwenyewe siku alipozaliwa, na hakijapumzika tangu hapo. Sasa kinafungwaje pale tu kinapotakiwa? Nipe uvumilivu, Baba, na usikawie."

Jumamosi alimaliza nguo za Mhindi mapema, akaenda uwanjani na furushi lake mgongoni. Akasimama kwenye kamba pamoja na watu wengine, wengi wao wakiwa ni vijana wa Ngara na River Road waliokuja kutazama wasichana kuliko mpira.

Filimbi ikalia. Kwa muda Mama Selpher alisahau furushi. Hakuwa amewahi kumwona akicheza. Alikuwa amesikia tu huku akipika, na alichosikia hakikuwa nusu. Pale katikati alikuwa binti yake, mwembamba, akigeuka kama yule mtoto wa sokoni anayesema pitia hapa, na mpira uliondoka mikononi mwake kwenda mahali patupu, na mahali patupu pakajaa. "Wanjira!" Mpira kwa Wanjira. "Syokimau, kushoto!" Mpira kwa Syokimau. Ukarudi kwake. Mbele alisimama yule mrefu, mgongo umegeuka. Selpher akafungua mdomo, akaufunga, akarusha kimya. Ukampiga yule mrefu begani, ukatoka nje.

"Aaaa!" watu wakalia.

"Senta amemeza ulimi!" kijana mmoja akapiga kelele.

Ikatokea tena. Wapinzani wakafunga, wakafunga tena. Mwalimu Wamucii alikuwa amekamata kichwa kwa mikono miwili. Syokimau alikuwa akimtazama mwalimu, kama mtu anayengoja kuitwa. Mwishowe mwalimu mwenyewe akapaza sauti kutoka pembeni, sauti ya kukata tamaa:

"Milcah! Jitokeze, Milcah!"

Mama Selpher akageuka kutazama nani amemwita.

Maana Milcah alikuwa ni yeye. Akatazama kulia, akatazama kushoto, na hakuona mtu anayemjua. Kisha akamwona yule msichana mrefu akiinua mkono kumjibu mwalimu.

Akasimama pale mdomo wazi, kama siku ya kabichi. Yule wetu mrefu. Miezi yote hiyo ya yule wetu mrefu! Mtoto angemwelezaje mwalimu, na kueleza kwenyewe kulitaka alitaje jina? Angemwelezaje mama mwenyewe? Mama Selpher alimtafuta wa kumkasirikia na hakumpata, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amebeba furushi la Mhindi.

Selpher alikuwa na mpira tena. Mama Selpher akatupa furushi chini, akainama juu ya kamba.

"Selpher! Mwite! Mwite Milcah!"

Jina lilimtoka kinywani likiwa geni kama la mtu mwingine. Selpher akashtuka, akageuka, akamtazama mama yake kwa macho makubwa, mpira mkononi. Filimbi ikalia. Alikuwa amekaa nao mno.

"Sasa unanitazama mimi nini?" Mama Selpher akapiga kelele. "Si mimi! Yule pale! Milcah yule mrefu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mama, ingia ucheze wewe!" kijana mmoja akamwambia.

"Nitaingia nikuanze wewe!" akajibu, na yeye ni mtu wa kanisa.

Mpira ukarudi kwa Selpher. Safari hii alisema. Alisema kwa sauti ndogo ya mtu anayeungama: "Milcah." Mrefu hakusikia. Mpira ukapita.

"Mama yako ameruhusu!" Mama Selpher alilia. "Ita kama unavyoitaga chumvi!"

Mpira wa mwisho kabisa kabla ya mapumziko, Selpher aliupata katikati. Akavuta pumzi, akafumba macho kidogo, na sauti iliyotoka ilifika, wengine walisema, mpaka River Road.

"MILCAAAH!"

"Naam!" akaitika Mama Selpher kutoka kwenye kamba.

Wakacheka wote, hata mwamuzi. Lakini yule mrefu alikuwa amegeuka, mikono juu, na mpira ulikuwa tayari umefika. Akafunga.

Hawakushinda siku ile. Mabao ya mwanzo yalikuwa yamezidi. Lakini kipindi cha pili kizima jina la Mama Selpher liliitwa mara nyingi mbele ya watu wa Ngara kuliko lilivyowahi kuitwa tangu lilipomiminiwa maji, na kila lilipoitwa aliuma mdomo asiitike. Mchezo ulipokwisha Mwalimu Wamucii alimjia, nywele zimemsimama.

"Kumbe ni hilo tu? Jina tu?"

"Si tu, mwalimu," Mama Selpher akasema kwa upole. "Kwetu si tu."

Mwalimu akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Na kwetu pia," akakubali. "Syokimau atabaki kucheza pembeni. Na chuoni nitamtaja Selpher. Nitasema sauti anayo."

Mama Selpher aliokota furushi. Nguo za Mhindi zilikuwa na vumbi, na ilibidi azifue upya Jumatatu. Hakuzinung'unikia hata moja.

Mwisho wa mwezi ulipofika, alikuwa jikoni ameinamia sufuria, mgongo ameugeuzia meza. Hakuwa ameomba kitu.

"Milcah!"

Akageuka, mikono juu. Kiazi kikatua katikati ya viganja vyake.

Nashon aliinua uso polepole. Selpher alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Imenitoka, mama."

"Imekutoka! Nani alikupa ruhusa?"

"Si ni wewe, mama? Mbele ya watu wote?"

"Ruhusa ya uwanjani ni ya uwanjani!" Mama Selpher alipaza sauti, na angesema mengi zaidi, ila Nashon alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko. Naye alipojitazama akaona bado amekishika kile kiazi, kwa mikono miwili, vidole vimepanuka sawasawa kama vya mfungaji. Akakitia sufuriani kwa hasira, na maji ya moto yakamrukia tena.

"Mnaona sasa?" akasema. "Hii mtoto itanitoa jicho."