Viraka vya Chungu Kimoja

Jumapili moja ya mwezi uliopita, nje ya kanisa pale mtaa wa Kikuyu hapa mjini, nilimwona mwalimu wangu wa darasa la tano ametundika begani mkoba wa viraka. Vipande vya njano, vya hudhurungi na vyeusi, vilivyotiwa rangi kwa mkono na kushonwa kwa mkono, na kila mwanamke aliyetoka ibadani alikuwa anausogelea na kuugusa. Mwalimu amestaafu siku nyingi, amenenepa kidogo, lakini sauti ni ile ile.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema, maana nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu. Umeuona mkoba wangu? Siku hizi kitu cha asili ndiyo habari ya mjini. Hivi vitambaa vinapikwa rangi kimoja kimoja, siyo mashine!"

Hakunikumbuka hata chembe. Nikatabasamu kama mjinga, nikausifia mkoba, nikaenda zangu nyumbani na kuunguza maharage kwa hasira. Bado nina hasira mpaka leo, rafiki yangu, na ninakusimulia wewe ili nisije nikamsimulia mtu asiyehusika.

Mimi nimekulia Kongwa, kwa bibi mzaa mama. Nikifumba macho naiona ile ardhi nyekundu iliyokuwa inatuingia hadi kwenye meno, nasikia upepo wa kiangazi ukipiga bati la jiko, na juu ya yote nasikia harufu ya magome ya mgunga yakichemka. Ni harufu kali, inakausha ulimi hata kabla hujaonja. Watoto wengine walitambuliwa kwa harufu ya maziwa au moshi, mimi nilinuka magome. Tukila ugali wa uwele na mlenda, vidole vyangu vilikuwa vya hudhurungi hadi kwenye kucha, na bibi alisema huo ndio mhuri wa kazi, usioge sana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke wa mtaa wetu akikaribia kujifungua, kila nyumba ilimletea bibi kipande cha kitambaa kilichozeeka: mfuko wa unga, kanga iliyopasuka, mguu wa suruali ya mtu aliyekufa. Nyumba yenye duka ilileta kitambaa kizuri, nyumba yenye njaa ilileta kitu cha kutia huruma. Bibi alivipokea vyote kwa mikono miwili, akavifua kwa magadi kuondoa mafuta, halafu akavitumbukiza pamoja kwenye chungu cha magome. Vikitoka humo huwezi kujua kipi kimetoka kwa nani. Ndipo alipovikata na kuvishona viwe blanketi la mtoto, kwa nyuzi alizozifumua kwenye mishono ya ile mifuko ya unga. "Chungu hakiulizi nani kaleta nini," alikuwa anasema, na nyumba yenye duka ilikuwa inajua inasemwa.

Vilivyobaki havikutupwa. Vilikuwa ngata za kubebea maji, vishikio vya sufuria, vifuko vya mbegu. Na vyeusi ndivyo vilivyokuwa fahari ya bibi. Kwa weusi alihitaji kutu, na kutu Kongwa haikuwa shida. Kwenye mashamba ya zamani ya ule mradi wa karanga kulikuwa na vyuma vya mitambo vilivyoachwa na Wazungu, vimelala majanini vinaoza. "Walikuja kulima karanga," bibi alisema, "wakavuna kutu. Angalau sisi tunaitumia." Kuokota vile vyuma na kuvitia chunguni ilikuwa kazi yangu. Magome yakikutana na kutu, maji yanageuka meusi mbele ya macho yako, na mimi nilikuwa sichoki kutazama.

Lakini kulikuwa na hatua ya mwisho, ile ya kuikamatisha rangi isitoke kwenye maji. Hiyo bibi aliifanya jikoni, mlango umefungwa. Niliambiwa kwamba nikishajua nyingine zote nitaingia. "Ya mwisho haonyeshwi anayetazama," alisema. "Anaonyeshwa anayeuliza." Mwaka ule wa darasa la tano nilikuwa nimeshajua nyingine zote. Lilibaki jambo moja tu, niulize.

Januari ile bibi alinishonea mkoba wa shule wa viraka, mweusi katikati, njano pembeni. Nilitembea nao kama bibi harusi. Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa, akaunyanyua kwa vidole viwili, kama unavyomshika panya aliyekufa. "Hiki ni nini? Shuleni tunakuja na matambara ya kudekia? Kwenu hakuna duka?" Darasa zima likacheka. Akauweka juu ya kichwa changu, nikasimama hivyo hadi kengele ya uji. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sijui kama unaelewa miaka kumi na moja ni umri gani wa kusimamishwa hivyo.

Mchana huo niliutumbukiza ule mkoba kwenye choo cha shule. Nyumbani nikasema umepotea.

"Kilichopotea hutafutwa," bibi akasema. "Wewe mbona hutafuti?"

Jumamosi akanituma vyuma. Mama jirani, mke wa fundi baiskeli, alikuwa anakaribia kumzaa mtoto wake wa mwisho, na vitambaa vya nyumba nane vilikuwa tayari vimeloweshwa. Mimi sikwenda mashambani. Nilizunguka nyuma ya ghala, nikaokota vipande vya bati jipya vilivyobaki kwa mafundi, vinang'aa bila doa la kutu, nikavitumbukiza chunguni na kufunika. Nilitaka ile rangi ife. Nilitaka bibi naye ajue matambara ni matambara.

Siku ya kufunua, vitambaa vilitoka na rangi ya maji yaliyooshewa kunde. Bibi alichovya kijiti, akaibua bati, akaliweka chini mbele ya miguu yangu. Hakunipiga. Alisema tu, "Hivi ni vya nyumba nane." Kisha akachukua fimbo, akaenda mashambani mwenyewe na goti lake bovu. Alirudi jua limeinama, ameubeba mzigo wa vyuma kichwani.

Hatua ya mwisho ilipofika aliita mtu jikoni. Hakuniita mimi, alimwita mama jirani na tumbo lake kubwa. Mlango ukafungwa. Mimi nilikaa nje nikichambua karanga, nikijiapiza kwamba sijali, na nilijali. Sikuuliza siku ile, sikuuliza mwaka ule. Nikaenda sekondari ya bweni, na huko ndiko zilikonifikia habari za msiba wa bibi.

Kwa hiyo nikimwona mwalimu anaringa na mkoba, damu inanichemka. Yeye anaruhusiwa kusahau! Alichokicheka amekivaa, na kanisa zima linampongeza kwa kupenda asili. Wala usiniambie majuto ni mjukuu, maana mjukuu mwenyewe ni mimi, na sitaki methali. Na kabla hujanitetea, kumbuka mwalimu alinivika mkoba kichwani, lakini bati jipya nililitia mimi.

Baada ya Jumapili ile nilinunua kitambaa cha marekani mita tano. Nikamwagiza mtu magome, nikatafuta misumari yenye kutu kwa wauza vyuma chakavu, nikachemsha uani kwangu hadi mpangaji wa jirani akaja kuuliza kama napika dawa. Weusi ulikolea, tena mzuri wa kuliza. Nikafua mara moja, rangi ikatoka, beseni likawa jeusi na kitambaa kikabaki kijivu. Nikarudia nikaongeza chumvi. Ikatoka. Nikarudia tena na majivu. Ikatoka.

Ndipo nikapanda basi kwenda Kongwa, kwa mama jirani. Mumewe hayupo tena, na yeye ni bikizee sasa, macho yamefifia, lakini mikono bado inapukuchua mahindi bila kutazama.

"Mbukwa, mama. Shikamoo," nikasema, nikitanguliza salamu ya kwetu.

"Marahaba. Mbukwa, mbukwa. Nani huyo?"

Nilipojitaja aliacha mahindi, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akacheka, akalia kidogo, akaagiza chai. Nikamweleza kilichonileta. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Bibi alipougua alimwita akamwachia maneno: mjukuu wangu akija kuuliza, mwonyeshe.

"Nikangoja," alisema. "Ulikuja kwenye msiba, hukuuliza. Ulikuja na gari kwenye harusi ya binamu yako, ukapita hapo barabarani ukanipungia mkono. Nikasema labda mwakani."

"Nimekuja sasa, mama. Nauliza."

Akaanza vizuri kabisa. Magadi, magome, siku ngapi za kulowesha, usianike juu ya minyaa maana utomvu wake unaacha madoa. Kutu, na kutu ya chuma gani. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka kama ya bibi. Nilikuwa naandika kwenye simu. "Halafu tunafunga mlango," akasema. "Bibi yako anachukua..."

Akatazama viganja vyake. "Anachukua kitu. Kilikuwa kwenye kibuyu kidogo. Nilikuwa nakijua, mwanangu. Nimekifanya mwenyewe mara mbili."

"Mafuta? Mkojo wa ng'ombe? Maziwa?"

"Siyo maziwa. Ngoja."

Tukangoja. Chai ikapoa. Na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikampandishia sauti mwanamke wa umri wa mama yangu. "Kumbuka basi! Mama, jitahidi! Mtu anaachiwa kitu kama hicho halafu anasahau?"

Kuku walikimbia mlangoni. Hakukasirika. Aliokota gunzi lake, akaanza tena kupukuchua, taratibu.

"Usinigombeze, mwanangu," akasema. "Mimi nilikuwa nakutunzia tu. Mwenyewe ulikuwa wewe."