Baridi Haikumtoa Edani

Habari ya msiba ilinikuta mjini Ibra, huku Oman, niko juu ya ngazi, kiyoyozi begani, simu inalia mfukoni. Wasomaji wangu mnanijua: mimi kazi nikiianza sishuki mpaka imalizike, na ndiyo maana mpaka leo watu huniita mimi wakawaacha wenye vyeti. Juzi nilishuka. Aliyepiga alikuwa binti wa jirani yangu wa zamani wa Nizwa. Akaniambia, kwa sauti iliyotulia kuliko yangu, kwamba mama yake ametangulia mbele ya haki, amefia usingizini, na maziko ni baada ya sala ya Laasiri. Nikawaachia mafundi wangu kiyoyozi kinaning'inia, nikashika njia. Niliwahi. Nimetia mchanga kwa mkono huu huu ninaoandikia. Na kwenye barza ya matanga nikawasikia watu wakimsifu kwa sala zake, kwa mikate yake ya kumimina, kwa Kiswahili chake cha Unguja ya zamani. Yote kweli. Lakini lile ninalomkumbukia mimi hakuna aliyelitaja, kwa sababu hakuna aliyelijua. Lilitokea mimi nikiwa nje ya mlango wake na yeye akiwa ndani, na wa tatu hatukuwa naye.

Kwanza niseme habari zangu kidogo, maana bila ya hizo hamtaelewa. Mimi nimezaliwa Tabora. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha. Nilifika Oman na bisibisi mbili na suruali moja ya heshima, nikajifundisha kufunga viyoyozi kwa kuvifungua vya watu na kuvirudisha vikifanya kazi vizuri zaidi. Leo nina maduka Nizwa, Ibra na Sur, na hakuna aliyenishika mkono. Yeye marehemu alikuwa mtu wa Unguja mjini, mjukuu wa watu waliokuwa na jina. Kwa akina bibi kama yeye, sisi tuliotoka bara ni watu wema ila hatukumalizika kulelewa. Hakulificha hilo. Siku ya kwanza nilipokwenda kumfungia kiyoyozi nilikuta mlango uko wazi, nikapita na mzigo wangu mpaka ukumbini. Akaniangalia, akaniambia nitoke na kila kitu, nirudi barabarani, nije upya nipige hodi. Kiyoyozi kile kizito, bwana, na jua la Nizwa mnalijua. Nilitoka. Nikapiga hodi. Akaitika, "Karibu, baba, kumbe una adabu, ulikuwa umeiweka wapi?" Mumewe, mzee mpole, alikuwa pembeni akicheka mpaka kilemba kikamlegea. Tangu siku hiyo tukawa jirani wa kutaniana, yeye akinirekebisha maneno yangu, mimi nikimrekebishia nyaya zake.

Yule mzee mpole akafa, miaka ya tisini hiyo, mwanzo wa majira ya baridi. Bibi akakaa eda. Wale mliokulia katika hewa nyingine mjue kwamba mjane aliye edani sisi tunamwita kizuka. Hukaa nyumbani kwake miezi minne na siku kumi, hajipambi, hajitii manukato, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Binti yake alikuwa akifundisha Bahla na akirudi kila jioni kulala naye. Mimi nilijiwekea kawaida: kila nikitoka kazini napita mlangoni kwake, nasimama ubavuni, mgongo nimeugeuzia ukuta, natoa shikamoo yangu, naye anaitika marahaba kutoka ndani na kuniuliza kama nimekula. Basi. Sikumwona hata ukucha.

Zikabaki kama wiki tatu eda imalizike, ndipo ikaja ile baridi. Watu wa Muscat hudhani Oman yote ni joto. Na waje Nizwa siku mawingu yanapokaa juu ya Jabal Akhdhar na upepo ukateremka huko. Mlimani maji yaliganda kwenye matangi, na kwetu chini ikanyesha mvua ya mawe, mabonde yakafurika, na maji ya wadi, ile mito mikavu ya huku, yakang'oa nguzo za umeme kama mtu anavyong'oa mihogo. Mji ukawa kiza, na njia ya Bahla ikakatika, binti akakwama huko huko. Mke wangu alikuwa Sur kwa dada yake aliyejifungua, naye hakuweza kurudi. Nyumba zetu zile zilijengwa kwa ajili ya joto: saruji tupu, sakafu ya marumaru, madirisha ya aluminiamu yasiyofunguliwa mwaka mzima. Kiangazi zinahifadhi ubaridi wa kiyoyozi, na kipupwe kikija zinahifadhi ubaridi wa Mungu. Ukikaa ndani unaona mvuke wa pumzi yako mwenyewe.

Mtaani mwenye jenereta nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa nimeileta miaka miwili kabla, watu wakanicheka, wakaniuliza kama nataka kuwasha sinema. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Nilipitisha nyaya juu ya kuta, nyumba hii hita moja, nyumba ile hita moja, wenye watoto wachanga mbele. Nilipofika kwa bibi nikamwambia kutoka nje kwamba nataka kuingia nimwekee hita, yeye ajifungie chumba cha pili. Akakataa. Hita nikaipeleka nyumba nyingine, nikamwambia basi aje kwangu, wanawake wa mtaa wamejaa ukumbini na watoto wao, mimi nitalala dukani. Akakataa. Imamu wa msikiti wetu akampelekea salamu kwamba dharura ina hukumu yake, anaweza kutoka na eda yake isiharibike. Nilikuwepo aliporudisha jibu. "Mwambieni sheikh ruhusa naijua. Sikusema haramu. Nimesema sitoki." Wanawake wakampelekea mablanketi na chakula, wakarudi wakitikisa vichwa. Mimi, nitasema kweli, niliona ukaidi tu. Mtu mzima, kifua chake kibovu, anataka kutufia mikononi kwa ajili ya kuta nne.

Siku iliyofuata, baada ya Laasiri, nilipita kama kawaida yangu. Nikatoa shikamoo. Marahaba yake ilichelewa, na ilipokuja ilikuja imelegea, kama ya mtu anayezungumza na mto wa kulalia. Nikamwuliza vipi, bibi. Akasema hajambo, ila usingizi umemzidi na kichwa kinamgonga. Hapo pua yangu ikanusa mkaa.

"Bibi, seredani uko nayo wapi?"

"Hapa, miguuni pangu. Imenipa joto zuri, alhamdulillahi."

"Na madirisha?"

"Nimeyafunga, nikayaziba na matambara. Niuachie upepo uingie kwa nini?"

Haya, hili ni kosa letu sisi, na Mwarabu aliyekulia hapa asingelifanya. Seredani kwao Unguja ilikaa uani, au jikoni pasipo dari, na nyumba zenyewe zilikuwa zinapumua kila upande. Mwenzangu alichukua moto wa kule akauweka ndani ya nyumba ya huku, iliyozibwa kama kopo la samaki. Katika kazi yangu nimeingia vyumba ambamo watu walilala na mkaa na hawakuamka. Nikamwambia atoke upesi. Nikasikia kitu kikiburutwa, kisha kimya. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Nikamwita tena. Kimya. Sikungoja mtu. Nilitoa spana mfukoni nikazunguka nyuma, nikajifunika uso kwa mkono, nikavunja kioo cha dirisha lake, na matambara yote nikayasukuma ndani. Upepo wa mlimani uliingia mle kama maji. Nikageuza kichwa na kupiga kelele atambae aje dirishani, aje hivyo hivyo alivyo. Muda ule ulikuwa mrefu. Kisha nikasikia kikohozi, karibu na sikio langu, halafu sauti yake.

"Umenivunjia dirisha."

"Nimekuvunjia, bibi. Vuta pumzi."

"Na unapiga makelele mtaa mzima, kama mnada wa mbuzi."

Nilijua amepona. Nikarudi mbele. Taratibu akalifungua komeo, akaisukuma seredani nje kwa ufagio, na mimi nimeinamisha macho chini. Sikuona ila upindo wa nguo nyeupe. Nikaimwagia maji, ikapiga mvuke. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia sasa mchezo umekwisha, ama atoke mwenyewe au naingia namtia ndani ya gari nampeleka hospitali, na eda watakuja kuniuliza mimi kwa Mungu. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwake, upepo unanikata masikio. Alipozungumza, hakuzungumza kwa ukali.

"Hebu tulia nikwambie. Huyu niliyemzika hapa ni mume wangu wa pili. Wa kwanza aliuliwa Unguja, zile siku za fujo. N'lianza kumkalia eda, siku hazikutimia kumi, wakaja watu wakanambia inuka, meli inaondoka. Nikatoka na nguo niliyoivaa. Nikakaa sitahani kati ya wanaume nisiowajua, jua la mchana kutwa usoni, na kizuka mimi. Kila mmoja alinihurumia, kila mmoja alinambia dharura ina hukumu yake. Tukafika, watu wakanipokea, wakanipa nyumba, wakanipa na mume huyu, Mungu amrehemu. Lakini yule wa kwanza hajakaliwa mpaka leo. Sasa hapa hakuna anayenifukuza. Ni baridi tu. Na wewe unataka unitoe tena?"

Nilikuwa nimekuja na dawa ya tatizo lake, na tatizo nilikuwa silijui. Nikamwambia, "Basi kaa, bibi. Mimi nitazungukia nje."

Nilikwenda kwangu nikaing'oa hita ya chumbani mwangu, maana jenereta ilikuwa haiwezi kubeba nyingine zaidi. Nikaiweka kizingitini pake, nikaondoka mpaka nyuma ya nyumba, nikamngoja aiingize. Waya nikaupitisha juu ya ukuta, chini ya mtende, mpaka kwenye lile dirisha lililovunjika. Nikampa ncha yake mimi nikitazama mlimani, akaipokea. Nikaligongelea dirisha ubao kwa nje na kuacha pengo la hewa kama upana wa mkono. Kazi ambayo ningeifanya ndani kwa kupepesa jicho, niliifanya nje mpaka vidole vikafa ganzi. Na nakwambieni, nimefunga mitambo ya majumba makubwa, nimefunga ya hoteli, sijafunga waya mzuri kuliko ule. Hita ikawaka. Akaniambia inanuka vumbi, nyumbani kwetu hatufuti? Nikamwambia asianike nguo juu yake. Nina hakika alianika. Mimi nililala na makoti mawili na soksi kichwani, na kila nilipoamka nilitega sikio kama jenereta inanguruma bado. Maji ya wadi yaliposhuka binti yake akafika kutoka Bahla, akalia kidogo, akanishukuru sana, na umeme ukarudi siku mbili tatu baadaye.

Tangu hapo nimeifikiria sana kazi yangu, na namna tunavyosaidiana sisi watu wa hapa. Fundi hufundishwa kwenda kwenye hitilafu kwa njia fupi. Siku hizi kila kitu chetu ni njia fupi. Nguzo za umeme zimekuwa za chuma, njia ya Bahla ina daraja, vijana wetu wakisikia baridi wanabonyeza kitufe, na mjane akifiwa wanakusanyika watoto wake wenye digrii na kumpangia pa kukaa, atakula nini na eda aikae kwa nani palipo na nafasi ya gari. Wanampenda, sisemi hawampendi. Lakini wale waliomwinua yule bibi wakampakia melini nao walimpenda, na walimwokoa kweli. Miaka thelathini na zaidi alikuwa akidaiwa na marehemu mmoja, na sisi sote tuliomzunguka kwa mablanketi na hukumu hatukumwuliza. Hata mimi nilimtisha tu, akaniambia mwenyewe.

Eda yake ilipomalizika aliogeshwa, akavaa nguo mpya, wanawake wakamjia kwa halwa na kahawa, udi ukafukizwa mpaka barabarani. Siku ya pili yake alikuja dukani kwangu na binti yake. Nilikuwa na wateja, nikawaacha. Alisimama katikati ya mafriji na mafeni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu mzee afe. Nilidhani atanidai kioo. Akasema, "Nimetoka eda, baba. Zote mbili." Binti yake akatuangalia sisi wawili, asielewe. Bibi akamshika mkono, wakatoka.

Funzo langu si refu. Ukimwona mtu amekaa penye baridi na hataki kuondoka, usianze kumvuta. Kaa mlangoni kwanza, umwulize anamkalia nani. Kisha kama una waya, uzungushe.