Paa Tuliloliona kwenye Ramani

Barabara ya kuelekea mji wa Fataki ilipotulia, dada yangu mkubwa alisema anarudi kijijini kwetu, Bule, kukaa. Tangu tukimbie vita anaishi kwangu, hapa mjini, mtaa wa Nyakasanza, na namshukuru Mungu kwa kila chakula tulichokula pamoja. Mwanangu, ambaye ni dereva, ndiye angetupeleka.

Asubuhi ile, gari likiwa limekwisha kupakiwa, alizilinganisha ramani zake mbele yetu. Ile ya ndani ya gari huongea Kifaransa kwa sauti ya mwanamke. Inaijua barabara kubwa, kisha hunyamaza. Dada yangu alisema tusimlaumu, mwanamke huyo hajawahi kulima Bule. Ya pili, ya kwenye simu, haihitaji rezo, yaani mtandao, na imechorwa hata vijia vya kwenda mtoni, lakini haionyeshi nyumba. Ya tatu ni picha iliyopigwa kutoka juu. Mwanangu aliikuza kwa vidole viwili. Tukaona soko, kanisa, kisha kiwanja chetu, na paa la mabati liking'aa.

Dada yangu aliishika simu kwa mikono miwili.

"Nyumba yangu iko," alisema. "Na mulikuwa munaniambia ilichomwa."

Mwanangu akasema basi hiyo ndiyo ramani bora. Mimi nilivaa miwani kwanza. Nyuma ya nyumba niliona mstari wa mikaratusi, bado imesimama. Mikaratusi hiyo niliikata mwenyewe pamoja na waamini wenzangu, tukapasua mbao za kuezekea kanisa, kabla hatujakimbia. Nilisali kidogo moyoni, maana furaha ya mtu si kitu cha kuvunja haraka. Lakini ningenyamaza, angeshuka garini na furaha hiyo mbele ya majivu.

"Yaya," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "angalia ile miti. Picha hii ni ya zamani, ya mbele ya kukimbia. Nyumba, hatujui."

Aliitazama tena. Akamuuliza mwanangu kama hakuna ramani ya leo.

"Hapana, tantine," mwanangu akamjibu. "Ya leo ni kwenda kuona."

"Basi twende kuona."

Akaagiza godoro na sufuria vishushwe, virudishwe chumbani mwake. Jembe na mbegu za maharagwe aliviacha garini. Tukasali, tukaondoka, tukiifuata ile ramani yenye vijia.