Internet ya chumba cha nyuma

Heri niseme mwenyewe, maana avenue yetu yote hapa Makiso inajua tayari.

Mwanafunzi anayepanga chumba changu cha nyuma aliniambia kwamba internet isipofika kwake kabla ya Jumamosi, anahama. Nikanunua vile vifaa viwili vinavyopitisha internet ndani ya waya wa umeme: kimoja unachomeka sebuleni, cha pili unakotaka. Nilijaribu soketi zote, kila moja mara mbili. Nyumba kubwa, taa ya kijani. Chumba cha nyuma, nyekundu. Sikukubali kushindwa. Nikamleta muuzaji, Héritier, mpaka nyumbani, nikimwita mwizi njia nzima. Jirani wa nyuma, Mama Feza, aliyetuazima umeme mwaka jana kwenye matanga ya shangazi, akaja kunisaidia kumgombeza.

"Papa Jules," Héritier akauliza, "hizi chambre mbili ziko kwa compteur moja ya umeme? Ikiwa mbili, internet haipite."

"Mita ni moja! Nyumba ni yangu, nilihesabu!"

"Wezi wamejaa," Mama Feza akasema. "Hata compteur yangu inakimbia, sijui nani anaikula."

Nikamwonea huruma, nikamlaani huyo mwizi pamoja naye.

Hapo umeme wa upande wetu ukakatika. Sebule ikazima. Héritier akafungua chumba cha nyuma: feni ilikuwa inazunguka kwa raha zake.

Mama Feza akaufuata waya wa chumba hicho kwa macho, kutoka dirishani, juu ya ukuta, mpaka kwake.

"Papa Jules, matanga ya shangazi yako iko inaendelea mpaka leo?"