Kuku Watatu wa Jirani

Juzi binti yangu wa miaka tisa aliingia nyumbani amekumbatia boksi la sabuni, na ndani ya boksi mlikuwa na mtoto wa mbwa, mweusi, macho bado yana ukungu. Alikuwa amepewa na mwenzake wa darasani. "Mama, nitamtunza mwenyewe," akaniambia. "Nitamlisha, nitamfunga, wewe hutasumbuka hata kidogo." Nikamwambia amrudishe alikomtoa. Akaniuliza kwa nini, nikarudia neno lile lile. Tunakaa Mtwapa, ua tunao, lango tunalo, mabaki ya chakula hayakosekani. Alilia mpaka usingizi ukamchukua, nami nikabaki jikoni nikisugua sufuria iliyokwisha takata zamani. Kilichonishinda hakikuwa mbwa. Ilikuwa ni aibu, aibu ya tangu nilipokuwa na umri kama wake, na kwa kuwa wewe si mgeni kwangu, acha nikueleze.

Nililelewa Kakuyuni na bibi yangu, ambaye sisi Wagiriama tunamwita hawe. Mama alifanya kazi Marereni kwenye mashamba ya chumvi, akija nyumbani mwisho wa mwezi na midomo iliyopasuka na visigino vyenye nyufa. Hawe alilima mahindi, kunde na muhogo, na adui yake mkubwa chini ya jua alikuwa tumbili. Mahindi yakianza kubeba, nilipandishwa kwenye dungu la kulindia shamba nikapigapiga debe mpaka mikono ikafa ganzi, na tumbili walinizoea kiasi kwamba walikula huku wakinitazama. Jioni tulikula sima kwa mboga chungu ya mchunga iliyotiwa tui zito, na siku mama akija kulikuwa na ng'onda, wale samaki wakavu ambao harufu yao ilitangulia kufika kabla yeye hajavuka uwanja.

Mwisho wa mwezi mmoja mama alikuja na kikapu kinachotikisika. Ndani, juu ya mfuko wa chumvi, alikaa mtoto wa mbwa, rangi yake kama kashata ya nazi iliyoungua kidogo. Njia nzima alikuwa akila ng'onda wetu. Vilibaki vichwa viwili. Nikampa jina pale pale: Kashata.

Hawe hakucheka. Alimwinua, akamtazama meno, akanikabidhi mimi. "Huyu ni wa kufukuza tumbili, si wa kuchezea," alisema. "Lakini kabla hajajua kazi, atakuwa na wazimu wa utoto, na huo wazimu ni wako wewe kuutoa. Asubuhi mpe uji. Ukienda shule mfunge. Ukirudi mfungue utembee naye, umfundishe kinacholiwa na kisicholiwa. Akifanya vizuri, watu watakusifu wewe. Akiharibu, wa kujibu ni wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, hawe."

Nilisikia, lakini sikushika. Kashata alikuwa mtundu wa kupindukia, nami niliupenda utundu wake kuliko nilivyopenda kumfundisha. Alivuta leso za hawe kwenye kamba akazitandika topeni. Alijisaidia ndani ya kinu. Kiatu changu cha shule cha kushoto alikitafuna hadi kikawa kama ndala, nikavaa hivyo hivyo muhula mzima. Kila hawe aliponiambia nimkemee, nilimkemea huku nacheka, naye akajua kwamba maneno yangu hayana uzito.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mjane, msusi wa mikeka. Ukipita kwake saa yoyote utamkuta barazani na miyaa ya ukindu mapajani, vidole vinakwenda vyenyewe huku yeye anaongea na wewe. Siku moja Kashata alimchukulia ukili aliousuka wiki nzima, akaukokota hadi kwenye matope ya kisima. Nilidhani atatutukana. Alisimama tu, mkono kiunoni, akacheka. "Mwanangu, mimi mbwa wako sina ugomvi naye," akaniambia. "Ila mkeka wangu wa kusalia asiukaribie, na kuku wangu asiwaguse. Wale kuku ni wa uzazi." Binti yake alikuwa ameolewa Junju, na angerudi kujifungulia kwa mamake. Kuku watano alikuwa akiwanenepesha kwa mtama, ili binti apate supu ya nguvu siku zake arubaini. Sote mtaani tuliwajua wale kuku kama tunavyowajua watoto wa watu.

Na kulikuwa na mzee mmoja wa bara, mchimba vyoo. Alikuja miaka mingi nyuma kutafuta kazi, akakaa, akajengewa kibanda kando ya njia ya kwenda mtoni. Karibu kila choo pale kwetu kilichimbwa na yeye, lakini hakualikwa kwenye harusi hata moja. Alikuwa na mbwa mzee, jicho moja jeupe kama maziwa. Mzee alipokuwa shimoni, mbwa alikaa ukingoni akitazama chini, na udongo ukipanda kwa ndoo yeye alisogea kidogo, kisha akarudi palepale. Watoto tulimwogopa lile jicho tu. Vinginevyo hakuwahi kumkaribia mtu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Hawe alikwenda sokoni Malindi kuuza kunde, akaniachia Kashata, ambaye sasa alikuwa na miezi saba na miguu mirefu. Wasichana wenzangu walikuja kuniita turuke kamba. Kamba yetu ilikuwa imekatika. Nikatazama ile ya Kashata, ya katani, nzuri, ndefu ya kutosha, nikaifungua shingoni mwake. Nilijiambia ataniona na kunifuata. Tuliruka kwenye kiwanja cha kanisa mpaka vumbi likatufikia kiunoni, tukihesabu na kuimba, na sikumkumbuka hata mara moja. Hilo ndilo huniuma nikilitafakari: nilikuwa na furaha sana.

Niliporudi nilimkuta amelala nyuma ya jiko, mkia unapiga chini kwa kuniona. Mbele yake kulikuwa na kuku wa jirani, wawili, na wa tatu akining'inia kwenye ua wa miti. Hakuwala. Alikuwa amecheza nao tu.

Sikulia. Nilichota maji nikamwosha mdomo. Nikachukua jembe nikawafukia kuku kwenye matuta ya muhogo, nikaokota manyoya moja moja. Kisha nikamfunga kamba yake, nikakaa kizingitini kama mtoto mwenye adabu.

Jirani alianza kuwaita kuku wake alasiri, akitikisa mtama kwenye kopo. Alikuja na kopo mkononi. "Mwanangu, kuku wangu watatu siwaoni, na kuna manyoya njiani. Hukuona kitu?"

Nilikuwa na nafasi. Nilimtazama yule mama usoni, nikasema, "Nilimwona mbwa wa mchimba vyoo akipita na kitu mdomoni."

Jina lake lilinijia haraka kuliko nilivyotarajia. Labda nilijua hata wakati ule kwamba ndiye mtu ambaye hatatetewa na yeyote.

Habari ilifika dukani, kwenye lile benchi la mbao ambapo wanaume walikaa wakinywa kahawa. Watatu wakasimama na rungu wakaenda kwake. Walinipitia njiani ili niseme mbele yake. Mzee alitoka kibandani akipangusa mikono, mbwa wake nyuma yake. Alisikiliza yote. Hakubishana. Akanichuchumalia mpaka macho yetu yakalingana, nikaona udongo mwekundu kwenye nyusi zake.

"Mtoto," akasema, "ulimwona huyu? Huyu mwenyewe?"

"Nilimwona."

Kisha akasimama akawaambia wale wanaume, "Wacheni. Nitammaliza mwenyewe." Akaingia ndani akachukua kamba. Mbwa alimfuata kuelekea mtoni bila kuvutwa, akidhani ni matembezi. Mzee alirudi peke yake, kamba imekunjwa mkononi.

Hawe aligundua siku ya nne. Alikuwa aking'oa muhogo, jembe likaibua bawa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikapu. Alilitazama lile bawa, akanitazama mimi, akaketi juu ya tuta. Nilingoja anipige. Ningefurahi kama angenipiga.

"Mbwa wa watu ameshakufa," alisema mwishowe.

"Ndiyo, hawe."

"Mimi sitakusemea. Utakwenda kwa mwenye kuku. Utakwenda kwa mwenye mbwa. Halafu utakwenda dukani, uwaambie wale wanaume, kwa mdomo huu huu uliowatuma."

Nilianza kwa jirani. Hawe alinipa matetea wetu watatu, waliokuwa wakitutagia mayai, nikawabeba miguu juu. Jirani alinisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza, vidole vikasimama. "Kuku si kitu, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nilimchukia yule mzee siku nne nzima. Nilimnyima hata salamu. Hiyo dhambi umenibebesha wewe." Akachukua kuku, akanipa maji ya kunywa, na hakucheka nami tena kama zamani.

Mchimba vyoo nilimkuta kazini, nyuma ya nyumba ya mwalimu wangu, shimo limeshapita kimo chake mara mbili. Ikabidi nisimame ukingoni, pale pale mbwa wake alipozoea kukaa, niongee kuelekea chini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitaja. Sururu ikanyamaza. Nilisema yote kwa haraka, kamba, kuku, matuta ya muhogo, uongo. Sikumwona uso, niliona kipara chake tu na mabega.

"Nilijua," ikaja sauti kutoka chini. "Yule hakuwa na meno. Hata moja. Miaka miwili namlowekea ugali kwa maji ya maharagwe. Ataua kuku na nini?"

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Mimi? Niwaambie fungueni mdomo wa mbwa mtazame? Walikuja na rungu, mtoto. Walikuwa wamemaliza kuamua. Nilikuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye wangesikia."

Nikalia, machozi yakadondoka shimoni. Yeye akavuta pumzi, akasema, "Haya, vuta hiyo ndoo." Nikavuta. Nikamwaga udongo, nikairudisha. Tulifanya hivyo mpaka adhuhuri.

Wakati wa kwenda akaniambia nimletee huyo mbwa wangu. Nilidhani anataka kulipiza. Kesho yake nikampeleka. Yule mzee, ambaye nilikuwa nimemwua rafiki yake wa pekee, alinifundisha kumfundisha mbwa. Alinionyesha kufunga kamba fupi na kutembea katikati ya kuku wa mwalimu, polepole, kila siku. Kashata akikaza shingo, nasema "Wacha!" mara moja tu, bila kucheka, nasimama mpaka atulie. Akitulia, kipande cha ugali. "Usimpige," mzee alisema. "Na usimbembeleze. Neno lako liwe moja leo, na kesho liwe hilo hilo." Ilichukua miezi miwili. Asubuhi uji, jioni kamba, mvua ikinyesha, homa ikiwa imenishika. Jirani alipopata mjukuu, nilikwenda kumchotea maji siku zote arubaini, na Kashata akilala kando ya ndoo, kuku wakimpita puani, hainui hata sikio.

Msimu uliofuata tumbili hawakugusa shamba letu. Watu walikuja kumtazama. "Mtoto huyu anajua kulea mbwa," walisema, kama hawe alivyokuwa ameniahidi, na kila sifa iliniingia kama mwiba.

Kwa maana dukani sikwenda. Siku ya kwanza walikuwa wengi mno. Siku ya pili alikuwapo mmoja aliyekuwa mkali. Hawe aliponiuliza, "Umewaambia?" nikasema, "Nimewaambia, hawe." Aliniamini, akanishika kichwa akasema sasa nimekua. Nilikuwa bado shule ya msingi mzee alipofunga mizigo yake akaenda zake. Wengine walisema Mombasa, wengine walisema amerudi kwao. Kashata alikufa nikiwa sekondari. Hawe alifariki akiamini nilikuwa nimesema kweli mahali pote patatu.

Mwaka jana nilikwenda Kakuyuni kwenye arubaini ya jirani yetu yule. Mashamba yamekatwa viploti, penye matuta ya muhogo pana nyumba ya mabati ya kupangisha, na watoto niliowauliza kuhusu tumbili walinishangaa. Vile vyoo vyote vimefukiwa. Baada ya dua tulikaa kwenye majamvi tukila pilau, na mzee mmoja, wa mwisho kati ya wale watatu waliobeba rungu, akaanza kusimulia mambo ya zamani. Akafika kwenye yule mtu wa bara aliyefuga jibwa lenye jicho jeupe, lililomaliza kuku wa marehemu. Wajukuu wakacheka.

"Hakuwa yule," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya kitoto. "Alikuwa mbwa wangu. Niliwadanganya."

Mzee akanigeukia, mkono nyuma ya sikio. Nikarudia kwa nguvu zaidi, mpaka wanawake wa upande wa pili wakanyamaza. Akaniangalia, akatabasamu kwa upole kama mtu anayemstahi mgeni wa mjini. "Aa, binti yangu," akasema, "hayo ni ya zamani. Mbwa ni mbwa tu." Kisha akaomba asogezewe kachumbari, na hadithi ikaendelea kama alivyoizoea.