Siku Baba Aliposema Redioni

Enzi zetu redio haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya baba kwa jina, lakini ikifika saa kumi jioni ilikuwa ya majirani wote. Warundi wa upande wa pili wa njia walikuja na vigoda vyao, mama mmoja alikuja na sombe yake, majani ya muhogo, akiitwanga huku anasikiliza, na sisi watoto tulikaa chini kwenye vumbi jekundu la Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, tumekatazwa hata kupiga chafya. Betri, ambazo baba aliziita mabuye, zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu. Zikikataa, baba aliziuma kwa meno, na ajabu ni kwamba zilikubali.

"Batoto, munyamaze! Habari iko napita!"

Tulinyamaza, maana aliyekuwa anaingia ni Bwana Saa Kumi. Ndivyo tulivyomwita mtangazaji wa kipindi cha mazungumzo kutoka mji wa Mbarara. Alizungumza Kinyankore, kisha Kiingereza kidogo, kisha Kiswahili chake cha sokoni na cha kambi za jeshi, kwa ajili yetu sisi wakimbizi. Alikuwa na sauti ya fahali. Aligombana na wenye maduka, alisuluhisha wake na waume, alisoma barua za wasikilizaji. Wasikilizaji wake walikuwa watu wazima wenye udongo miguuni, waliotoka shambani. Sisi watoto tulimwigiza siku nzima kwa gunzi la mahindi kama kipaza sauti. Mimi ndiye niliyekuwa hodari kuliko wote, ingawa kaka zangu walidai msichana hawezi kuwa na sauti ya fahali.

Baba alikuwa na sababu yake ya kusikiliza. Tulipokimbia kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, tulitengana njiani na shangazi Nabintu, mdogo wake wa pekee. Miaka mitatu ilikuwa imepita bila habari. Mama alikuwa ameacha kulitaja jina hilo wakati wa chakula, kwa sababu likitajwa baba alinawa mikono na kuondoka, ugali umebaki.

Siku moja baba akaamua kumwandikia Bwana Saa Kumi. Aliandika kwa Kiswahili chetu cha kwetu: "Natafuta mudogo wangu Nabintu." Barua ikaenda na dereva wa lori la ndizi. Baada ya wiki mbili tukaisikia ikisomwa. Mama alishika kifua. Bwana Saa Kumi akanguruma:

"Wasikilizaji, huko Nakivale kuna mzee analia. Mtoto wake mdogo, jina Nabintu, amepotea. Kama wewe umeona huyo mtoto, peleka polisi!"

Basi ikawa vurugu. Kufikia Jumapili, baada ya misa, tulikuwa tumeletewa watoto watatu. Bibi mmoja alimleta mtoto wa kiume aliyemkamata juu ya mpera wake. Alisema hajui ni wa nani, lakini ni mdogo na tabia zake ni za mtu aliyepotea. Jumatatu akaja askari polisi na daftari.

"Mtoto alivaa nguo gani, mzee?"

"Si mtoto! Ni mudogo wangu. Iko na miaka makumi ine!"

"Arobaini?" Askari akainua kalamu. "Miaka arobaini, na unamwita mtoto mdogo?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu tuvuke mpaka. Baba hakucheka. Alivaa shati lake la kanisani na kusema, "Nitaenda mimi mwenyewe." Akanichukua mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza Kinyankore shuleni na ningeweza kumtafsiria njiani.

Tulipanda lori. Pale Masha tulisimama muda mrefu, ng'ombe wenye pembe ndefu wakivuka barabara taratibu kama wenye nchi. Mbarara ilikuwa na kelele na harufu ya chapati, na mimi nilikuwa nimeshika suruali ya baba kwa mikono yote miwili. Kituo cha redio kilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari. Nilijiandaa kumwona jitu. Mlango ukafunguliwa, na aliyekaa pale kwenye kiti alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye miwani, miguu yake haifiki chini. Nilimtafuta Bwana Saa Kumi nyuma yake.

"Karibu, sebo," akasema, akimwita baba bwana kwa Kinyankore, na ile sauti ya fahali ikatoka kwake. Akanitazama. "Huyu ndiyo mtoto alipotea?"

Baba akaeleza tena, na mimi nikatafsiri. Yule bwana akashika kichwa. "Pole sana. Kiswahili yako imenishinda, mzee. Leo sema wewe mwenyewe."

Saa kumi ilipogonga, akamsogezea baba kipaza sauti. Baba yangu, ambaye sauti yake ilifukuza nyani shambani, akakigusa kwanza kwa kidole. Kisha akasema, polepole:

"Nabintu. Ni mimi Bahati, kaka yako. Niko Nakivale, Base Camp, karibu na mashine ya kusaga. Batoto beko bazima. Wewe tu ndiye hauko. Kuya kwetu."

Basi, hayo tu. Bwana Saa Kumi, ambaye hakuwahi kunyamaza hata dakika moja, alivua miwani akaifuta, kisha akaifuta tena.

Tulilala Ruharo, pale pale mjini, kwa mtu wa kanisa letu, na kesho yake mchana tukafika nyumbani. Jikoni kulikuwa na wanawake wawili. Mmoja alikuwa mama. Wa pili aligeuka na mwiko mkononi, akamtazama baba kutoka juu mpaka chini.

"Bahati," akasema shangazi Nabintu, "kwa redio unaongeaka polepole kama padri!"

Kumbe alikuwa humu humu Nakivale miezi minne, upande wa Juru, ameambiwa kwamba sisi tulihamia Kampala. Alikuwa sokoni anachagua ndagala pale redio ya mchuuzi iliposema jina lake. Aliacha samaki mezani, akatembea kwa miguu mpaka kwetu. Baba akamshika tu mabega. Siku hiyo alikula ugali wake wote na akaomba wa pili.

Sasa mimi ni fundi cherehani Mbarara, na binti yangu Neema ana miaka kumi na sita na vitu viwili masikioni. Anacheka peke yake akiosha vyombo. Nilipomuuliza anacheka na nani, akanitia kimoja sikioni, nami nikataka kudondosha sahani: ilikuwa ile sauti ya fahali! Redio ilishamstaafisha. Siku hizi yeye na mjukuu wake wanatengeneza podikasti, na wasikilizaji wake ni wasichana na wavulana wa shule, na vijana wetu waliohamishiwa Amerika na Kanada wanaomsikiliza wakiwa kazini. "Zamani wasikilizaji wangu walikuwa wananiogopa," alisema. "Hawa wa sasa wananikosoa Kiswahili." Hapo nilimpenda upya.

Nilimtumia ujumbe wa sauti, nikamuuliza kama kanda yenye sauti ya baba ya siku ile ipo. Baba alitutoka miaka sita iliyopita. Akajibu siku hiyo hiyo: "Pole, nyabo. Zamani tulikuwa na kanda chache, tunarekodi juu ya ingine. Lakini mimi nakumbuka. Alisema kidogo."

Neema alinihurumia kweli. "Mama, mngekuwa na podikasti, ungemrudisha nyuma ukamsikia kila siku."

Ni kweli, na ninawaonea vijana wivu kwa hilo. Wao hawaumi betri, hawanyamazishwi, habari haiwapiti. Shangazi Nabintu, ambaye sasa anaishi nasi, ni kikongwe na bado ni mkali, alikuwa kitandani anasikiliza mazungumzo yetu. Akasema, "Neema, kama redio ile ingekuwa ya kurudisha nyuma, ningesema nitasikia kesho. Na kesho ningesema kesho."

Jumamosi iliyopita alitaka kumsikia Bwana Saa Kumi. Neema akaitumbukiza simu ndani ya sufuria kavu ili sauti ivume, akaiweka mlangoni. Nikatoa vigoda sita vya majirani nje, kwa mazoea. Jirani mmoja akaja na mtoto wake. Wengine tuliwaona wakipita, kila mmoja na kipindi chake sikioni, wakitupungia mkono kwa heshima na tabasamu. Vigoda vinne vilibaki vitupu, na sikuviondoa mpaka kipindi kilipokwisha.